Namba ya Simu ya Bure: Nani Hulipa, na Ankara Husomwaje?

Katika mkutano mkuu wa chama cha msingi, swali gumu si lazima liwe refu. Mwanachama husimama, huvua kofia, na kuuliza: "Tuliambiwa namba hii ya simu ni ya bure. Hizi shilingi laki mbili na themanini zimelipwa kwa nani?" Katibu asiyekuwa na jibu hutazamwa na mkutano mzima kwa jicho la shaka, hata kama hakugusa senti moja ya chama. Na shaka ikishaingia ghalani, ni vigumu kuitoa kuliko panya.

Yafaa basi jambo hili lieleweke mapema, kabla ankara ya kwanza haijafika. Makala haya yanaeleza namba ya simu isiyolipiwa na mpigaji ni kitu gani, gharama zake hutoka wapi, ankara yake husomwa namna gani, na katibu afanye nini ili fedha za wanachama zisipotee bila habari.

KWA NINI JAMBO HILI LINAWAHUSU WAKULIMA WA PAMBA

Kata ya Migato ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi kabla ya kuundwa kwa Mkoa wa Simiyu na Wilaya ya Itilima mwaka 2012. Huko, kama kwingineko katika nchi ya pamba, msimu wa kununua hufunguliwa mwezi Mei, na mfumo wa kununua pamba kupitia vyama vya msingi ulianza kutumika kwa upana mwaka 2018. Mkulima akishapima pamba yake ghalani, maswali yake yote humwelekea katibu. Kilo zangu zimeandikwa ngapi? Bei dira ni ipi? Malipo yameingia au bado?

Mwenye baiskeli atakuja mwenyewe kuuliza. Mwenye salio atapiga simu. Lakini yuko mama mzee aishiye mbali na ghala, simu anayo, salio hana. Huyo hukaa na swali lake kwa wiki nzima, na mara nyingi jibu analolipata ni la uvumi. Kwa ajili ya mwanachama kama huyo, chama huweza kufikiri kuwa na namba ambayo yeye hupiga bila kukatwa chochote. Nia hiyo ni njema. Lakini nia njema isiyo na hesabu imekwisha kuvitia vyama vingi katika madeni.

MAANA YA NENO "BURE"

Katika mpango wa namba za simu nchini Tanzania, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, namba zinazoanza na 0800 ni zile ambazo mpigaji halipi. Zisichanganywe na namba zinazoanza na 0900, ambazo mpigaji hulipa zaidi ya bei ya kawaida. Ziko pia namba fupi za umma ambazo wananchi hupiga bila malipo, kama vile 112 ya dharura, 113 ya Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, na 116 ya kuwasaidia watoto.

Neno "bure" hapa lina maana moja tu: kwamba mpigaji hatozwi. Halina maana kwamba simu hiyo haina gharama. Mitambo ni ile ile, minara ni ile ile, na dakika ni zile zile. Kilichobadilika ni mlipaji.

Mkulima wa pamba anaweza kulielewa jambo hili kwa kutazama lori liendalo kiwandani. Yeye hufikisha pamba yake ghalani, akapima na kurudi nyumbani. Hakuulizwa nauli ya lori litakalobeba pamba hiyo hadi kiwanda cha kuchambulia. Je, lori lilikwenda bure? La. Mafuta yalinunuliwa, dereva alilipwa, na gharama hiyo iliandikwa mahali fulani katika hesabu. Namba ya bure ni lori la namna hiyo. Safari inalipiwa, ila si na yule aliyepakia mzigo.

HUDUMA HII ILIKOTOKA

Zamani, simu ya mbali iliunganishwa kwa mkono na mtumishi wa simu. Mpigaji asiyekuwa na fedha aliweza kuomba simu yake ilipiwe na mpokeaji. Mtumishi alimwuliza kwanza mpokeaji: "Fulani anataka kuzungumza nawe. Je, utalipa?" Mpokeaji akikubali, waliunganishwa, akikataa, hapakuwa na gharama.

Utaratibu huo ulihitaji mtu wa kuuliza kila mara. Nchini Marekani, kampuni ya AT&T ilianzisha mwaka 1967 huduma ya namba za 800, ambazo hazikuhitaji mtumishi kuuliza. Nchini Uingereza namba za 0800 zilianza mwaka 1985. Baadaye utaratibu huo ukaenea katika nchi nyingi.

Hapa pana jambo moja ambalo kila halmashauri ya chama inapaswa kulishika. Katika utaratibu wa zamani, mpokeaji alikubali kulipa simu moja moja. Katika namba ya bure, chama kinakubali kulipa mapema, kwa wote, na kwa kila simu: ya mwanachama mwenye shida, ya mtu aliyekosea namba, na ya mtoto anayechezea simu ya baba yake. Sahihi moja iliyotiwa katika mkataba ni "ndiyo" iliyotamkwa mara elfu.

MAFUNGU YA ANKARA

Ankara ya huduma hii hutofautiana kati ya kampuni moja na nyingine, lakini mafungu yake ya kawaida ni haya:

1. Ada ya kuunganishwa. Hulipwa mara moja, huduma inapofunguliwa. Isionekane tena katika ankara ya mwezi wa pili.

2. Ada ya kila mwezi. Hulipwa hata kama simu haikulia hata mara moja, kama kodi ya pango la ghala lisilo na pamba.

3. Gharama ya dakika zilizotumika. Hili ndilo fungu linalopanda na kushuka. Pengine simu zinazotoka katika mtandao wa kampuni yenyewe huwa na bei moja, na zinazotoka mitandao mingine huwa na bei nyingine.

4. Gharama ya kuhamisha simu. Namba ya bure mara nyingi haina chombo chake yenyewe. Huelekezwa kwenye simu nyingine, labda ya mkononi iliyo kwa katibu. Simu hiyo ikiwa ya mtandao mwingine, safari huwa mbili: ya kwanza kutoka kwa mwanachama hadi kwenye namba ya bure, na ya pili kutoka hapo hadi kwa katibu. Safari zote mbili zinaweza kutozwa.

5. Huduma za ziada. Hizi ni kama sauti ya kukaribisha wapigaji, kurekodi mazungumzo, au kuweza kupokea simu kadhaa kwa wakati mmoja.

6. Kodi. Upo ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa huduma za mawasiliano, na ipo Kodi ya Ongezeko la Thamani.

7. Baki la nyuma. Ni deni la miezi iliyopita. Katibu alitenganishe kabisa na matumizi ya mwezi unaohusika, la sivyo chama kitalipa jambo moja mara mbili.

Kuhusu kodi, yafaa ieleweke kwamba hazijumlishwi sambamba. Ushuru wa bidhaa hukokotolewa kwanza juu ya gharama ya huduma. Kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani hukokotolewa juu ya gharama pamoja na ushuru huo. Tangu mwaka 2014, kwa miaka mingi, ushuru wa bidhaa kwa huduma hizi ulikuwa asilimia 17, na Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara. Watu wengi hujumlisha 17 na 18 wakapata 35, kisha hushangaa ankara inapowazidi. Hesabu sahihi huongeza kiasi cha asilimia 38, yaani huduma ya Sh. 100 hufikia Sh. 138.06. Viwango vya kodi huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Kwa hiyo katibu asome kiwango kilichoandikwa katika ankara yenyewe na kukilinganisha na sheria ya mwaka huo.

Tena, chama kisichosajiliwa kulipa Kodi ya Ongezeko la Thamani hakina njia ya kuidai kodi hiyo irudi. Kwake yeye, kodi hiyo ni gharama kamili.

MFANO WA HESABU

Na ichukuliwe mfano wa chama cha msingi chenye wanachama 320. Bei zilizotumika hapa ni za mfano tu, kwa ajili ya kujifunza; bei halisi ni ile iliyomo katika mkataba wa kila chama. Ada ya kila mwezi iwe Sh. 50,000, na dakika moja iwe Sh. 60 kabla ya kodi. Katika mwezi wa Juni, kila mwanachama apige simu mara mbili, na kila simu ihesabiwe dakika 4.

Idadi ya simu: 320 × 2 = 640
Dakika: 640 × 4 = 2,560
Gharama ya dakika: 2,560 × 60 = Sh. 153,600.00
Ada ya mwezi: Sh. 50,000.00
Jumla kabla ya kodi: Sh. 203,600.00
Ushuru wa bidhaa, asilimia 17: Sh. 34,612.00
Jumla ndogo: Sh. 238,212.00
Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18: Sh. 42,878.16
Jumla ya kulipa: Sh. 281,090.16

Hizi ndizo laki mbili na themanini za mwanachama aliyesimama mkutanoni. Hakuna aliyeiba. Kila mwanachama alizungumza dakika nane tu kwa mwezi mzima, jambo ambalo hakuna mtu angeliita matumizi mabaya. Ikigawanywa kwa wanachama wote, ni kama Sh. 878 kwa kila mmoja.

Lakini hesabu hiyo itazamwe pia kwa jicho la mkulima. Ikiwa chama, kwa mfano, hubakiwa na ushuru wa Sh. 20 kwa kila kilo ya pamba, basi ankara hiyo ya mwezi mmoja imekula ushuru wa kilo 14,055. Hiyo ni zaidi ya tani 14 za pamba zilizolimwa, zikapaliliwa, zikachumwa kwa mikono na kubebwa hadi ghalani.

MIEZI YA KIMYA NAYO INA GHARAMA

Wengi hufikiri kwamba hatari iko katika miezi ya ununuzi peke yake. Si hivyo. Katika mfano huu huu, mwezi usio wa msimu uwe na dakika 200 tu. Dakika hizo ni Sh. 12,000. Ikiongezwa ada ya mwezi hufikia Sh. 62,000, na baada ya kodi zote mbili, Sh. 85,597.20.

Miezi mitatu ya msimu itagharimu Sh. 843,270.48. Miezi tisa iliyobaki itagharimu Sh. 770,374.80. Jumla ya mwaka ni Sh. 1,613,645.28. Katika ile miezi tisa ya kimyakimya, ada ya mwezi pamoja na kodi zake peke yake ni Sh. 621,270. Chama kimelipa zaidi ya laki sita kwa ajili ya simu ambayo karibu haikulia.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuiuliza kampuni ya simu si "dakika ni kiasi gani?" Ni hili: "Je, huduma inaweza kusimamishwa baada ya msimu na kufunguliwa tena bila kupoteza namba, na gharama yake ni nini?"

MAHALI FEDHA INAPOVUJIA

Gunia lenye tundu dogo halimwagi pamba yote kwa mara moja, lakini likifika mwisho wa safari huwa jepesi. Ankara ya simu nayo ina matundu yake.

Tundu la kwanza ni namna ya kuhesabu muda. Kampuni inaweza kuhesabu kwa sekunde au kwa dakika nzima. Simu ya dakika 3 na sekunde 15, ikihesabiwa kwa dakika nzima, huandikwa dakika 4. Katika mfano uliotolewa, simu 640 za urefu huo zikihesabiwa kwa sekunde ni dakika 2,080. Zikihesabiwa kwa dakika nzima ni 2,560. Tofauti ni dakika 480, yaani Sh. 28,800 kabla ya kodi, na Sh. 39,761.28 baada ya kodi, kwa mwezi mmoja. Hizo ni dakika ambazo hakuna mtu aliyezizungumza.

Tundu la pili ni sauti ya kukaribisha. Simu huanza kuhesabiwa inapopokewa, na mashine ikipokea ni sawa na mtu amepokea. Karibisho la sekunde 30, lenye muziki na maneno matamu, kwa simu 640 ni dakika 320, au Sh. 19,200 kabla ya kodi. Mwanachama husikiliza bila wasiwasi kwa kuwa halipi. Chama ndicho kinacholipa. Neno moja la kukaribisha latosha, au simu ipokewe na mtu moja kwa moja.

Tundu la tatu ni kumwacha mwanachama akisubiri simu ikiwa wazi huku katibu akipekua daftari la mapokezi. Ni afadhali katibu achukue namba ya uanachama, akate, atafute jibu, kisha apige yeye mwenyewe kwa kifurushi cha bei nafuu.

Tundu la nne ni saa za usiku. Namba isiyowekewa mipaka hupokea simu saa zote. Kampuni iombwe kufunga njia nje ya saa za kazi, mathalani kufungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 10 jioni.

Tundu la tano ni mkataba wa zamani. Kampuni za simu hulipana zenyewe kwa zenyewe pale simu inapovuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na kiwango cha juu cha malipo hayo huwekwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Mwaka 2018 kiwango hicho kilikuwa Sh. 15.60 kwa dakika. Hadi kufikia mwaka 2022 kilikuwa kimeshushwa hadi Sh. 2.00. Chama kinachoendelea kulipa bei iliyopangwa kabla ya kushuka huko kina haki ya kuuliza kwa nini bei yake haikushuka nayo.

DAFTARI LA SIMU

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ankara peke yake si ushahidi wa matumizi. Ni dai la upande mmoja. Upande wa pili ni daftari la chama.

Daftari hilo halihitaji ufundi. Liwe na safu sita: tarehe, saa, namba ya uanachama, jambo lililoulizwa, jibu lililotolewa, na muda wa mazungumzo. Mwisho wa siku mpokeaji wa simu atie sahihi. Mwisho wa mwezi katibu aombe kampuni ya simu orodha ya simu zote zilizopokewa, achague simu kumi au ishirini kutoka siku mbalimbali, na kuzilinganisha na daftari. Zikilingana, ankara inaaminika. Zisipolingana, uchunguzi uanze kabla ya malipo, si baada yake.

Daftari hilo lina faida nyingine iliyo kubwa kuliko ankara. Likionyesha kwamba wanachama mia moja wameuliza jambo moja, kwa mfano tarehe ya malipo, basi dawa si kuongeza dakika. Dawa ni kubandika tangazo ghalani na kutuma ujumbe mmoja mfupi kwa wote.

Lakini tahadhari moja ishikwe. Orodha yenye namba za simu za wanachama si ya kubandikwa ukutani wala kupewa wafanyabiashara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azitunze na kuzitumia kwa kusudi lililokusudiwa. Daftari lifungiwe kabatini pamoja na vitabu vingine vya chama. Aidha, wanachama waelezwe kwamba katibu hatamwuliza mtu yeyote namba yake ya siri ya kutolea fedha, kwa simu ya bure wala kwa simu ya kulipia.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Mkataba wa simu ni ahadi ya kulipa fedha za wanachama katika miezi ijayo. Usitiwe sahihi mezani kwa wakala wala na mtu mmoja. Halmashauri ipate majibu ya maandishi kwa maswali yafuatayo:

Kwanza, je, namba itapatikana bila malipo kutoka mitandao yote ambayo wanachama wanaitumia, au kutoka mtandao mmoja tu? Namba inayofanya kazi kwa nusu ya wanachama ni bure kwa nusu na bubu kwa wengine.

Pili, muda unahesabiwa kwa sekunde au kwa dakika nzima?

Tatu, je, bei zilizotajwa zina kodi ndani yake au kodi itaongezwa?

Nne, je, inawezekana kuweka kikomo, kwa mfano ankara ikifikia Sh. 200,000 kampuni itoe taarifa au isimamishe huduma mpaka chama kitoe idhini?

Tano, mkataba ni wa muda gani, na ukivunjwa kabla ya wakati wake pana adhabu gani?

Sita, malipo ni ya kabla au ya baada? Malipo ya kabla humlinda mnunuzi dhidi ya ankara ya kushtua. Malipo ya baada ni mkopo, hata kama hauitwi hivyo.

Majibu yakishapatikana, gharama ya mwaka mzima, pamoja na kodi na miezi ya kimya, iingizwe katika makisio ya mapato na matumizi na kupelekwa mbele ya mkutano mkuu. Mwanachama aliyeona hesabu hiyo mwezi Aprili na kuinulia mkono hatasimama mwezi Septemba kuuliza kwa nini cha bure kimelipiwa.

ANKARA IKIKOSEWA

Ankara iliyokosewa isikaliwe kimya, wala isilipwe kwa kunung'unika. Katibu aandike barua kwa kampuni ya simu, akitaja namba ya ankara, fungu linalopingwa, kiasi, na sababu. Nakala ibaki katika jalada. Fungu lisilo na ubishi lilipwe kwa wakati, ili huduma isikatwe katikati ya msimu.

Ikiwa kampuni haitajibu au jibu lake haliridhishi, lalamiko huweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kusimamia maslahi ya watumiaji. Lalamiko lenye daftari, barua na orodha ya simu husikilizwa. Lalamiko la mdomo hupotea njiani.

JE, KILA CHAMA KINAIHITAJI NAMBA HII?

Jibu la kweli ni kwamba vyama vingi vidogo havihitaji namba ya peke yao. Zipo njia tatu za kupima kabla ya kuamua.

Njia ya kwanza ni simu ya kawaida ya mkononi iliyosajiliwa kwa jina la chama, si la katibu. Mwanachama asiye na salio hubipu au hutuma ule ujumbe wa kuomba kupigiwa, na chama humpigia kwa kifurushi. Gharama yake inajulikana tangu mwanzo, kwa kuwa kifurushi kikiisha kimeisha.

Njia ya pili ni ujumbe mfupi unaotumwa kwa wanachama wote siku ya mzigo kuondoka na siku ya malipo kuingia. Jibu likitangulia swali, simu hupungua.

Njia ya tatu ni vyama kadhaa kuungana chini ya chama kikuu na kuwa na namba moja. Ada ya mwezi hugawanywa, na kila chama hulipa dakika za wanachama wake. Vyama kumi vikigawana ada ya Sh. 50,000, kila kimoja hulipa Sh. 5,000 kabla ya kodi. Huo ndio ushirika wenyewe: mzigo uliomshinda mmoja huwa mwepesi kwa wengi. Lakini mgawanyo huo uandikwe kabla ya kuanza, na orodha ya simu ipelekwe kwa kila chama kila mwezi, ili chama kimoja kisije kikalipa maneno ya kingine.

MWISHO

Yule mama mzee asiye na salio anastahili kujibiwa. Kilo zake ni zake, na kuzijua si hisani anayofanyiwa. Chama kinachomfungulia njia ya kuuliza bila gharama kimetenda jema, nalo linaweza kustahili kila shilingi iliyotumika.

Lakini fedha inayolipia swali lake imetoka katika pamba yake na ya jirani zake. Katibu anayelijua hilo huisoma ankara mstari kwa mstari, huilinganisha na daftari, na huibandika jumla yake ghalani kila mwezi, bila kusubiri kuulizwa. Siku ya mkutano mkuu, mwanachama akisimama na kuvua kofia, katibu huyo hafadhaiki. Hufungua daftari lake, na kujibu kwa tarakimu.